Kuchapa lino kwenye karatasi uliyotengeneza mwenyewe: twende hatua kwa hatua

Watu wengi wakitaka kuchanganya chapa na karatasi ya mkono wanaanza na lino (kile kipande laini cha linoleamu unachochonga picha, unapaka wino, unakandamiza kwenye karatasi), wanachonga weee, karatasi wanaikumbuka mwisho kabisa. Mi naomba ufanye kinyume. Karatasi ndo nusu ya picha: unene wake, kingo zake, na hasa unyevu wake siku ya kuchapa, hivyo ndo vinaamua wino utakaa vipi. Kwa hiyo karatasi kwanza, kuchonga baadae.

Hatua ya 1: nyuzi. Magazeti achana nayo, yana lignini nyingi (ile gundi ya asili ya mti), kazi yako itageuka njano na kuanza kukatika. Kwa kuanzia chukua mabaki ya karatasi nene za pamba, zile za kuchorea rangi za maji, zichane vipande vidogo, loweka usiku kucha. Ukitaka nyuzi za mmea, katani au shina la mgomba, hizo lazima zipikwe: kata vipande vya kama sentimita 2 (zikiwa ndefu zinajizungusha kwenye visu vya blenda), chemsha na magadi, gramu 200 hivi kwa kila kilo moja ya nyuzi kavu, masaa mawili matatu. Sufuria iwe ya chuma kisichoshika kutu, sio ya alumini maana magadi yanaila, vaa glavu na fungua madirisha. Zimeiva pale uzi unapochanika kwa urefu bila kuvuta kwa nguvu. Halafu suuza, suuza tena, mpaka maji yawe safi na yasiteleze mkononi.

Hatua ya 2: rojo. Nyuzi za mmea zipondeponde kwanza kwa nyundo ya mbao, alafu blenda, nyuzi kidogo maji mengi, saga kwa vipindi vifupi. Mimina kwenye beseni la maji, iwe nyepesi kuliko uji wa mgonjwa. Kadiri unavyoponda zaidi ndivyo karatasi inavyokuwa ngumu, ila nayo inasinyaa zaidi ikikauka, hili likumbuke kama unapanga kuchapa rangi nyingi.

Hatua ya 3: kuchota. Unahitaji fremu mbili zinazolingana, moja ina wavu, nyingine tupu inakaa juu yake. Zamisha, inua sawasawa, tikisa kidogo mbele nyuma kushoto kulia wakati maji bado yanachuruzika, ukichelewa nyuzi zimeshalala. Toa fremu ya juu, pindua wavu kwenye kitambaa kinene kilicholowa, bonyeza, inua. Panga karatasi na vitambaa kwa zamu, weka kati ya mbao mbili, kandamiza kwa nguvu zote.

Sasa hapa ndo njia zinagawanyika.

Njia ya kwanza, kuchapa ikiwa mbichi. Hii ndo naipenda zaidi, maana picha inaingia ndani ya karatasi badala ya kukaa juu yake tu. Chonga lino kwa kina, na mistari isiwe membamba sana maana rojo haliingii. Paka wino wa mafuta kwa rola, tabaka jembamba, halafu pindua karatasi mbichi moja kwa moja juu ya lino. Weka kitambaa chembamba juu, chukua sponji kavu, nyonya maji ukianzia katikati kwenda pembeni, taratibu, ukikamua sponji kila mara, alafu bonyeza kwa vidole kwenye mashimo. Maji na mafuta havichangamani kwa hiyo wino hausambai ovyo. Iache ikaukie hapohapo kwenye lino, usiibandue ikiwa na unyevu hata kama unatamani sana kuona, kingo zitajikunja na michoro iliyoinuka italala. Bila wino kabisa pia inafaa, unapata nakshi nyeupe juu ya nyeupe, vivuli tu vinachora.

Rojo lenyewe linaweza pia kuwa rangi. Mwaka 1978 mchoraji Mwingereza David Hockney akifanya kazi na mchapaji Kenneth Tyler kule Marekani alimwaga rojo za rangi ndani ya kalibu za chuma akatengeneza picha za mabwawa ya kuogelea, rangi ndo karatasi, karatasi ndo rangi. Ukijaribu, tafuta dawa ya kushikisha rangi kwenye nyuzi, la sivyo rangi yote inaondoka na maji.

Njia ya pili, kuchapa ikiwa kavu. Kausha karatasi ukiwa umeibandika kwenye kioo, ule upande uliogusa kioo unatoka laini na hapo ndo unachapia. Kwa lino huhitaji kuipaka gundi, karatasi laini inanyonya wino vizuri. Piga brashi kuondoa nyuzi zilizolegea, ongeza matone machache ya mafuta ya kitani kwenye wino ili usinate sana, wino mzito unang'oa nyuzi na kuzirudisha kwenye rola. Sugua kwa mgongo wa kijiko, ukiinua kona moja kuangalia. Ila kwa sahani za chuma za kukwaruza au kuchomwa kwa asidi, ambazo wino unakaa ndani ya mistari, karatasi lazima iloweshwe ndo iingie kwenye mistari, kwa hiyo ipake kwanza jelatini ya uvuguvugu, gramu 20 kwa lita, ikauke kabisa, la sivyo inachanika mashineni. Na kwa rangi mbili au tatu, usichanganye rangi moja kwenye karatasi kavu na nyingine kwenye yenye unyevu, karatasi inatanuka na picha hazitakutana.

Jambo moja nalisisitiza: acha sehemu ya karatasi ionekane. Kuifunika yote kwa wino mweusi kona hadi kona ni kuionea.

Karatasi zako hazitafanana, na usizilazimishe. Ukiandika namba ya kila nakala kwa penseli ongeza herufi E.V. (kifupi cha Kifaransa, édition variée), wachapaji wanaelewa kwamba ni toleo moja lakini kila nakala ina tofauti yake, na mnunuzi anajua mapema anachopata.