Risoto ya maharage mabichi, hatua kwa hatua

Wapendwa, juzi nimepita Kariakoo nikakuta maharage mabichi bado yamo kwenye maganda, yale yenye michirizi myekundu, nikanunua mafungu mawili. Risoto ni wali wa rojo wa Kiitaliano, na kaskazini mwa Italia hii ya maharage hupikwa majira ya kuchipua, baridi inapoisha na bustani zinapoanza kutoa njegere na maharage mapana. Sisi Dar tuna masika, na haya ya kwetu yanafaa kabisa.

Kwa watu wanne: mchele wa risoto gramu 300, maharage yaliyomenywa gramu 250, supu ya kuku au ya mboga lita 1 na robo, kitunguu maji kimoja, mafuta vijiko viwili, siagi gramu 40, jibini ya Parmesan iliyokunwa gramu 50, chumvi na pilipili manga.

Anza na maharage. Yatokote kwa nguvu dakika 10 za mwanzo, kisha punguza moto mpaka yaive, nusu saa hivi au zaidi. Usiyatie mabichi ukitegemea yataivia kwenye mchele. Mchele unaiva kwa dakika 18 tu, na haragwe lisilochemka vizuri linaumiza tumbo. Bonyeza moja kwa vidole: likipondeka laini kama kiazi, epua. Ile michirizi itakuwa imefifia, usishtuke.

Supu iwe ya moto muda wote, pembeni.

Sasa mchele. Mkono utataka kuuosha, maana ndivyo tulivyolelewa. Huu hauoshwi. Chagua takataka kama zipo, basi. Ule ungaunga mweupe juu ya punje ni wanga, na wanga ndio unaoleta rojo. Kaanga kitunguu kilainike bila kubadilika rangi, tia mchele, geuza dakika mbili mpaka kingo za punje zing'ae.

Mimina upawa mmoja wa supu. Koroga. Ikikaribia kukauka, upawa mwingine. Usifunike, na wala hakuna kupalilia hapa. Pitisha mwiko chini ya sufuria: njia ikifunguka kisha ikajifunga taratibu, uko sawa. Ikibaki wazi, ongeza supu. Dakika ya 12 tia maharage, na kuanzia ya 15 onja. Punje iwe laini, ila katikati ibaki na ugumu kidogo.

Epua, tia siagi ya baridi na jibini, koroga kwa nguvu, funika dakika moja. Ukitikisa sahani, risoto itambae. Ikisimama kama kilima, ongeza supu kidogo. Iliwe hapo hapo.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada, mchele wa Kyela haufai?
Kyela naupenda sana, lakini sifa yake ni harufu na kuchambuka. Risoto inataka punje fupi nene zenye wanga mwingi, kama Arborio au Carnaroli. Tafuta kwenye supamaketi kubwa. Ukitumia Kyela utapata wali laini mtamu, ila si risoto.

Nimeona wengine wanatia mvinyo. Ni lazima?
Hapana, mpendwa. Hutiwa kabla ya supu kwa ajili ya uchachu. Mimi sitii, nakamulia nusu ndimu mwishoni, baada ya kuepua.

Nina jiko moja tu la mkaa. Supu nitaiwekaje moto?
Ichemshe kwanza, uimimine kwenye chupa ya chai. Inakaa moto mpaka upawa wa mwisho. Na mkaa uwe wa wastani, ukiwaka sana chini kutashika ukoko.

Ikibaki je?
Kwa joto letu usiiache mezani, iingie friji mapema. Kesho yake itakuwa imeganda: viringisha madonge, chovya kwenye yai, pitisha kwenye chenga za mkate, kaanga kwenye mafuta mengi. Wanangu huyagombania haya kuliko risoto yenyewe.