Mwani sugu kwenye bwawa la kuogelea: usianze na dawa, anza na brashi

Jamani watu wengi wakiona maji yamekua kijani wanakimbilia kumwaga klorini tu, alafu kesho yake ukijani uko palepale. Ule mwani ulioganda ukutani una utelezi juu unaoukinga, klorini haipenyi vizuri, kwa hiyo sugua kwanza, kuta zote, ngazi, kona na nyuma ya taa, brashi ya waya kwa bwawa la zege tu, kama ni vinili (plastiki) au faiba tumia ya nailoni maana waya itakuchania.

Pima pH (kipimo cha asidi kwenye maji), ishushe ifike 7.2 hivi, ikiwa juu ya 7.8 klorini inakua dhaifu sana na unamwaga hela bure. Jua likizama ndo uweke dozi kubwa ya klorini, kwa sababu jua linaila haraka, fuata kipimo cha kwenye ndoo. Ya unga koroga kwenye ndoo yenye maji tayari, usimwagie maji juu ya unga, na usiichanganye KABISA na asidi au klorini ya aina nyingine, inaweza kulipuka au kutoa gesi ya sumu!

Pampu iache usiku kucha, filta ioshe kila presha ikipanda. Mwani uliokufa utatua chini, uvute utoke nje kabisa usirudi kwenye filta.

Bado kijani? Pima sayanuriki (asidi inayokinga klorini isiliwe na jua), vidonge vya klorini vinaiongeza polepole, ikizidi 100 ppm (sehemu kwa milioni) punguza maji ujaze mapya. Watoto wasiingie mpaka klorini ishuke hadi 3 ppm na sakafu ionekane vizuri.