Baiskeli mbili za changarawe, mfuko mmoja: namna ya kuchagua ukiwa Nakuru

Wengi wanaokuja kwangu kutafuta baiskeli ya changarawe, yaani ya njia za vumbi na lami pia, wakitaka kupanda daraja kutoka baiskeli ya kuanzia huwa wameshabakiza mbili. Moja ni ya kaboni, nyepesi, yenye gia moja mbele. Nyingine ni ya alumini, imezidi uzito kidogo, na ina gia mbili mbele. Swali huwa lile lile: "Fundi, nyepesi si ndiyo bora?" Si lazima. Fuata mpango huu kabla hujatoa pesa.

Hatua ya 1: Andika baiskeli ya sasa inakushindia wapi. Taja mahali. "Nikiteremka Subukia vidole vinachoka kwa breki." "Njia za Mau Narok, mvua ikinyesha, tope linaziba gurudumu." Kama lalamiko lako ni uzito peke yake, nunua tairi nzuri kwanza, halafu uone kama bado unataka baiskeli mpya.

Hatua ya 2: Pima nafasi ya tairi. Hapa usiharakishe. Chukua alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 6, ipitishe kati ya tairi na fremu, kushoto na kulia, kisha kwenye foku (uma unaoshika gurudumu la mbele), na usisahau pale nyuma ya kranki (mikono ya pedali) ambapo bomba za fremu hukaribiana. Ikipita bila kugusa, sawa. Ikikwama, tope la msimu wa mvua litafika hapo kabla yako, na likichanganyika na vijiwe hukwangua fremu kama msasa. Usiamini namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi: tairi ya milimita 40 kwenye rimu pana inaweza kufika 42. Pima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia upana. Kwa njia zetu, baiskeli isiyomeza tairi ya 45 mimi naiweka kando, hata iwe ya kaboni.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya gia. Gawanya meno ya gia ndogo kabisa ya mbele kwa meno ya ile kubwa kabisa ya nyuma. Shimano GRX (seti ya gia za baiskeli za changarawe) yenye meno 46 na 30 mbele, na 11 hadi 34 nyuma, inakupa 0.88. Gia moja ya 40 mbele, na 11 hadi 42 nyuma, inakupa 0.95. Baiskeli ya kuanzia yenye 34 mbele na 34 nyuma ni 1. Kadiri namba inavyoshuka, ndivyo mlima unavyolegea. Kutoka mjini, kama mita 1,850, hadi ukingo wa kreta ya Menengai, mita 2,278, utaisikia tofauti hiyo magotini. Gia moja ina raha yake: haina dereila (kifaa cha kuhamisha mnyororo) ya mbele ya kurekebisha. Ila kwenye lami ya Njoro, ukiwa kwenye meno 11 nyuma, 46 inakusukuma mbali zaidi kuliko 40.

Hatua ya 4: Uliza itatengenezwa wapi. Breki za mafuta zina nguvu, na huko Subukia utazishukuru, lakini za Shimano hutumia mafuta ya madini na za SRAM za aina hii hutumia DOT, mafuta ya breki ya aina nyingine. Ukichanganya, sili (mipira ya kuzuia mafuta yasivuje) huharibika. Kebo ya breki za waya utaipata karibu kila soko. Beringi za kranki zikiwa za hesi (za kufungwa kwa kuzungusha), fundi yeyote mwenye kifaa chake anazifungua. Za kusukumwa kwa presi huanza kulia vumbi likiingia, na mwenye presi huenda yuko Nairobi.

Hatua ya 5: Ikalie. Herufi M ya kampuni moja si M ya nyingine. Linganisha kimo cha fremu na urefu wake wa kufikia usukani, kisha endesha walau nusu saa.

Hatua ya 6: Tenga pesa ya tairi zisizo na tyubu pamoja na gundi yake ya maji inayoziba matundu. Kule Elementaita miba ya migunga haichagui.

Ukishaamua, mwombe muuzaji akupe hanga ya dereila (kipande kinachoshika dereila ya nyuma kwenye fremu) ya ziada, ya modeli hiyo hiyo. Hupinda ukianguka, kila fremu ina yake, na kuitafuta baadaye kunaweza kukuweka nyumbani wiki kadhaa.