Kuiacha programu iendelee chinichini kwenye Linux

Alama ya & mwishoni mwa amri ni hatua ya kwanza tu:

./hesabu.sh &

Bash, programu inayopokea amri zako, hujibu kitu kama [1] 4821, yaani namba ya kazi, kisha PID, ambayo ni namba ya mchakato katika mfumo mzima. Unaweza kuendelea na amri nyingine, ila programu bado imefungwa kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) kwa njia tatu: inasoma kibodi ileile, inaandika kwenye skrini ileile, na terminali ikifungwa hupelekewa ishara ya SIGHUP, ambayo kwa kawaida huiua.

Kusoma kibodi ndiko kunakosumbua wengi. Programu iliyo chinichini ikijaribu kusoma, kerneli, yaani kiini cha mfumo, huisimamisha kwa ishara ya SIGTTIN. Haifi wala hailalamiki. Ukiandika jobs utaona tu neno Stopped. Irudishe mbele kwa fg %1, ijibu inachouliza, bonyeza Ctrl+Z, kisha andika bg %1. Ukiishia kwenye Ctrl+Z, kazi imesimama, haiendelei.

Kwa kazi ya saa nyingi, hasa kupitia SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali), kata vifungo vyote vitatu kwa mkupuo (nohup huifanya programu ipuuze SIGHUP, > hesabu.log 2>&1 hupeleka matokeo na ujumbe wa makosa kwenye faili, na < /dev/null huipa faili tupu badala ya kibodi):

nohup ./hesabu.sh > hesabu.log 2>&1 < /dev/null &

Mpangilio una maana. Kwenye amri isiyo na nohup, ukitanguliza 2>&1 kabla ya > hesabu.log, ujumbe wa makosa utabaki kwenda kwenye skrini. Na nohup haipeleki kitu chinichini; bila & utakaa ukiisubiri.

Ulisahau nohup na kazi imeshaanza? Andika disown -h %1. Hiyo huizuia Bash kuipelekea SIGHUP, lakini matokeo bado yanaelekezwa kwenye terminali, na ikitoweka, programu inaweza kufa kwa kosa la kuandika. Usidanganyike na jaribio la exit pia: kwa mipangilio ya kawaida Bash haitumi SIGHUP ukitoka hivyo, kwa hiyo kazi inaweza kupona leo na kufa kesho mtandao ukikatika.

Fuatilia kwa tail -f hesabu.log. Faili likikaa tupu ilhali kazi inaendelea, mara nyingi matokeo yamelundikana kwenye bafa (hifadhi ya muda kwenye kumbukumbu), kwa kuwa programu nyingi zinapoandika kwenye faili hazitoi mstari mmojammoja. Kwa Python tumia python3 -u. Kwingineko jaribu stdbuf -oL.

Kompyuta ikilemewa, ipe kazi kipaumbele cha chini kabisa: ianzishe kwa nice -n 19, au renice -n 19 -p 4821 ikiwa imeshaanza. Kumbuka kwamba mtumiaji wa kawaida kwa kawaida hawezi kuirudisha chini namba hiyo. Kuisitisha, kill 4821 yatosha. Amri ya kill -9 ni ya mwisho kabisa, maana programu haipati nafasi ya kufunga mafaili yake vizuri.

Programu inayohitaji majibu yako kila mara haifai kwa njia hii. Ianzishe ndani ya tmux, programu inayotunza terminali hai hata ukiondoka, jitoe kwa Ctrl+B kisha d, na urudi baadaye kwa tmux attach.