Kuchagua na kuzalisha aina ya blakikaranti: anza na baridi

Mkulima wa blakikaranti (Ribes nigrum), kichaka cha matunda madogo meusi, nchini Uingereza huuliza kwanza kichaka kinazaa kilo ngapi. Aanze na majira yake ya baridi. Machipukizi hayaamki vizuri mpaka yapate saa za kutosha chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, na aina nyingi za Uskoti hutaka zaidi ya saa 1,000. Zikipungua, maua hufunguka kwa mafungu na matunda huiva kwa zamu, kisha mashine ya kuvuna huchanganya mabivu na mabichi. Kwa sababu hiyohiyo, miche ya Uskoti ikipandwa Limuru au Njombe itatoa majani tu.

Jalidi ya majira ya kuchipua nayo huua maua. Aina ya Ben Lomond, iliyotolewa mwaka 1975, ilipendwa kwa kuchelewa kuchanua. Penye utitiri wa machipukizi, vijidudu vidogo mno, panda aina ya Ben Hope, inayouhimili. Usidharau utitiri huu: hufanya machipukizi yavimbe kama njegere wakati wa baridi, tena hueneza virusi vinavyokifanya kichaka kisizae. Virusi havina dawa. Ng'oa kichaka chote, uchome.

Ukitaka kuzalisha aina yako, chukua mama anayechelewa kuchanua na baba anayehimili ugonjwa unaokusumbua. Fungua ua la mama likiwa limevimba lakini halijachanua, utoe stameni zote (sehemu za kiume zenye chavua) kwa kibano. Ukibakiza hata moja, ua huweza kujichavusha na kazi ikaharibika bila wewe kujua. Paka chavua ya baba kwenye stigma (ncha ya kike ya ua), funika kwa mfuko mwepesi, weka lebo. Matunda yakiiva, osha mbegu, zichanganye na mchanga wenye unyevu, uziweke kwenye friji miezi 3; bila baridi hiyo nyingi hazioti.

Miche huanza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu. Tupa bila huruma yenye ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu. Iliyobaki, ikatie vipandikizi vya sentimita 20 hadi 25 baada ya majani kupukutika, upande vichaka vitano vya kila mche kando ya Ben Lomond, mita 1.5 kati ya kichaka na kichaka. Linganisha kwa mavuno yasiyopungua matatu, kwa maana mwaka mmoja wenye baridi kali unaweza kuipamba aina dhaifu inayotaka saa nyingi za baridi.