Mbwa wa polisi amestaafu Florida: jinsi ya kuomba kurudishiwa gharama za matibabu

Mbwa wa polisi akistaafu, mara nyingi huenda kuishi na askari aliyefanya naye kazi. Hufika nyumbani nyonga zikimuuma, na zamani bili zote za daktari zilimwangukia askari huyo. Katika jimbo la Florida, Marekani, sheria iliyoanza Julai 2022 ilianzisha mfuko wa dola 300,000 kwa mwaka kwa ajili ya mbwa hawa. Anayeweza kuomba ni askari aliyekuwa naye kazini au mtu aliyemchukua kumlea.

Anza na barua ya kikosi. Ndiyo inayothibitisha kwamba mbwa alitumika pale, kwa hiyo iombe siku ileile anapostaafu, kabla maofisa wanaomfahamu hawajahamishwa. Ionyeshe jina lake na miaka aliyotumika. Cheti chake cha mafunzo kiweke pamoja nayo.

Kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo, na matibabu yafanyike ndani ya Florida. Uchunguzi wa kila mwaka unalipiwa, na vilevile chanjo, dawa za minyoo na kupe, vipimo, upasuaji, matibabu ya saratani, hata sindano ya kumpumzisha milele na kuchoma mwili wake. Nafurahi kwamba sheria haikumtupa mbwa siku ya mwisho.

Hapa ndipo pagumu: unalipa kwanza kwa fedha zako, ndipo urudishiwe. Kwa mwenye kipato kidogo ni mzigo, na naona sheria ingemfikiria zaidi. Daktari akupe ankara inayotaja mbwa, tarehe na kila huduma, pamoja na risiti ya malipo. Ankara peke yake haitoshi.

Maombi huyapeleki polisi. Hupokelewa na shirika lisilotengeneza faida lenye mkataba na Idara ya Utekelezaji wa Sheria ya Florida (FDLE). Iulize idara ni lipi, uchukue utaratibu wake huko.

Kikomo ni dola 1,500 kwa mbwa mmoja kwa mwaka, na kilichobaki hakihamii mwaka unaofuata. Tena mfuko ukiisha, hata mwenye nyaraka kamili hapati kitu, kwa hiyo usikae na risiti. Mwaka wa fedha huanza Julai 1: upasuaji usio wa haraka upange mara baada ya hapo, mfuko ukiwa bado na fedha. Akizidiwa usiku wa Mei, mkimbize hospitali. Karatasi utazishughulikia asubuhi.