Namna ya kujaza kiti cha udiwani kilicho wazi jijini Dodoma

Kata inapobaki bila diwani, hatua ya kwanza ni kujua aina ya kiti. Kiti cha viti maalumu hakirudi kwa wapiga kura, kwani Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi humteua mwanamke mwingine kutoka chama kilekile. Kiti cha kata hujazwa kwa uchaguzi mdogo, baada ya Waziri mwenye dhamana ya Serikali za Mitaa kuiarifu Tume kwamba nafasi iko wazi, nayo Tume hutangaza tarehe za uteuzi, kampeni na kupiga kura.

Mgombea awe na umri usiopungua miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na adhaminiwe na chama cha siasa. Achukue fomu mapema kwa msimamizi msaidizi wa kata na kuikagua mstari kwa mstari, kwa sababu saini moja iliyosahauliwa inaweza kuzaa pingamizi.

Kwako mpiga kura, lililo muhimu zaidi ni daftari: aliyehama Chamwino kuja Nzuguni bila kuhamisha taarifa zake hatampigia kura diwani wa Nzuguni, hata akiwa na kadi mkononi. Orodha ikibandikwa kituoni, linganisha jina na namba ya kadi yako.